Waya Unaopita Juu ya Kijiji

Tunawaletea swali. Mtu akikutendea mema bila kukuuliza unataka nini, je, amekutendea haki?

Tunawaza juu ya waya mkubwa wa Inga. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, ya pili mwaka 1982, na waya ukavutwa karibu kilometa 1700 mpaka Kolwezi, ili migodi ya Katanga ipate umeme. Njiani unapita juu ya misitu, mashamba na vijiji. Chini yake mama anapika kwa kuni, mtoto anasoma kwa koroboi, na akiinua macho anaona minara ya chuma.

Wahandisi wanatujibu: umeme ule ni wa mkondo mmoja, hauchotwi njiani kama maji ya mto, pasipo mtambo wa bei kali. Ni kweli, hatubishi. Lakini kijiji kilisahauliwa zamani, siku mpango ulipoandikwa. Nazo jamaa za Inga zilizotolewa katika ardhi ya mababu zimedai malipo yao miaka mingi.

Wengine husema: sasa majira yamegeuka, dunia inapata joto, hakuna nafasi ya kuketi na kuzungumza, tujenge upesi. Tuwatazame jirani zetu wa Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipunguza maji ya Kariba, na nyumba zikakaa gizani saa nyingi kila siku. Mto wetu mkubwa unapata mvua pande zote mbili za ikweta, kwa hiyo hautetereki upesi. Vijito je? Nani anajua kijito gani kilikauka, na mwaka gani maji yalipanda mpaka mlangoni? Ni mzee mvuvi na mama wa shamba. Mtaalamu aliyekuja kwa gari siku tatu hawezi kuyajua hayo.

Na hata kama wasingejua lolote, wangestahili kuulizwa. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu aliona. Hata hivyo Yesu alimuuliza kwanza anataka atendewe nini.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inaagiza watu waulizwe kabla ya kazi kubwa kuanza. Na mwezi wa Juni 2025 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 250 za kuandaa Inga ya tatu. Basi wakati wa kuuliza ni huu, kabla saruji haijamwagwa.

Lakini tusiwanyoshee kidole wakubwa peke yao. Sisi wazee wa parokia tulichanga feza, tukanunua mashini ya umeme kwa ajili ya vyombo vya kwaya. Mazuti ni ghali, leo imelala chini ya turubai. Wamama walikuwa wanataka mashini ya kusaga. Wangali wanabeba mihogo kichwani mpaka ng'ambo ya mto. Hatukuwauliza. Siku ya Pili jioni, baada ya maombi, tutaketi nao chini ya mwembe, nao wataanza kusema.