Mfarisayo Si Tusi

Mtaani, mtu akionekana mnafiki anaitwa Mfarisayo. Mimi neno hilo linanikwaza. Tumezoea kusema Agano la Kale ni sheria tupu, upendo ulikuja na Yesu. Lakini amri ya kumpenda jirani si iko Mambo ya Walawi 19:18? Yesu aliitoa humo, Myahudi aliyelelewa na Torati. Mabishano yake na Mafarisayo yalikuwa ya watu wa nyumba moja. Tena katika Matendo 5, wakuu walipotaka kuwaua mitume, aliyewatetea barazani alikuwa Gamalieli, Mfarisayo. Sasa jiulize: ukihubiri upendo wa jirani huku jina la watu walioitunza amri hiyo umeligeuza tusi, umeishika kweli?