Ua Lisilokamulika
Juni 2006, mahakama ya juu ya rufaa ya Ufaransa iliamua kuwa manukato ni zao la ujuzi tu, si kazi ya sanaa yenye hakimiliki. Sikubaliani nayo. Chukua ua la muguet: halitoi mafuta ya kufaa, ulikamue utakavyo. Mtunzi wa manukato Edmond Roudnitska alipotunga manukato ya Diorissimo, yaliyotoka 1956, ilimbidi alijenge upya kwa viambato vingine, akilichunguza bustanini kwake Cabris. Alichotia chupani ni fikra yake juu ya ua. Utasema harufu hupeperuka. Hata wimbo huishia hewani, na mtunzi hanyimwi haki yake; fomula hubaki kama noti za muziki. Wiki hiyohiyo ya uamuzi wa Ufaransa, katika kesi ya manukato ya Trésor, majaji wa Uholanzi waliona kuwa harufu inaweza kuwa na hakimiliki.