Kipendacho Roho na Kilichozoewa na Mkono

Wahenga wamesema kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi. Methali hii hutamkwa kama kwamba mjadala umekwisha: mtu akishapenda, haulizwi sababu. Ndivyo mambo yalivyo katika chakula na mavazi, na ndivyo yalivyo katika kandanda, ambako shabiki wa Simba hana deni la kumthibitishia shabiki wa Yanga chochote. Ndivyo pia watu wengi wanavyolichukulia jambo ambalo wahenga hawakuliona, nalo ni mfumo endeshi wa kompyuta. Huyu anapenda Windows, yule Macintosh, wa tatu Linux. Na kila mmoja akiulizwa kwa nini, hujibu kana kwamba ameulizwa juu ya dini yake. Umberto Eco, mwandishi wa Italia, alilifanyia mzaha jambo hili mwaka 1994, alipowafananisha watu wa Macintosh na Wakatoliki, na watu wa DOS na Waprotestanti. Mzaha ulikuwa mzuri, lakini uliacha nyuma suala zito. Je, kupenda kwa namna hii ni jambo la roho ya mtu peke yake, au kuna haki na wajibu ndani yake?

Suala hili lina mahali pake khasa pa kuulizwa, napo ni Hombolo. Hombolo iko kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, katika nchi ya Wagogo, nchi ya uwele, mtama na zabibu, kando ya bwawa lililojengwa katika miaka ya 1950. Hapo kipo Chuo cha Serikali za Mitaa, kinachowafunza watumishi wa halmashauri na wale wanaotaraji kuwa watumishi. Kijana anayekaa mbele ya kompyuta chuoni hapo leo, kesho huenda akakaa kwenye meza ambayo juu yake huamuliwa halmashauri inunue nini kwa fedha za wananchi. Mkono wake ukizoea kitu kimoja, mazoea hayo hayataishia mkononi mwake. Yatafika kwenye bajeti, na kutoka kwenye bajeti yatafika kwa watu ambao hawajapata kuigusa kompyuta.

Kwanza yafaa kuuliza kupenda ni nini. Mtoto wa Kigogo aliyelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda, anapousifu mlenda, anasifu kitu anachokijua. Lakini iwapo hajapata kuonja samaki wa kupaka wa pwani, hawezi kusema kwamba mlenda unamshinda samaki. Awezalo kusema ni kwamba mlenda ameuzoea. Na mtu wa Unguja aliyeukataa mlenda kwa kuutazama tu, akasema unateleza mno, naye hana hoja iliyo bora kuliko ya mwenziwe. Wote wawili wanasema "napenda" pale ambapo ukweli ungewataka waseme "nimekuta". Kupenda kunahitaji angalau vitu viwili vilivyoonjwa. Palipo na kitu kimoja, kilichopo ni mazoea, na mazoea, kama isemwavyo, yana taabu.

Mfumo endeshi ni mfano wa nyumba. Ndio programu kuu inayoipokea mashine na kuzipa programu nyingine mahali pa kukaa; barua huandikwa ndani yake, hesabu hufanywa ndani yake, picha hutunzwa ndani yake. Na nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Wengi wa wanaosema wanaipenda Windows hawajalala katika nyumba nyingine. Waliikuta. Kompyuta ilipofika ofisini au skuli, Windows ilikuwa imekwisha kuwamo, ama imewekwa na kiwanda, ama imewekwa na fundi wa dukani kwa kisahani kilichonakiliwa.

Kisahani hicho kilichonakiliwa kinastahili kuangaliwa vizuri, kwani ndicho kilichoipotosha mizani. Windows ni mali ya kampuni ya Microsoft, na huuzwa. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, imetolewa chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kuitazama ndani, kuibadilisha na kuigawa. Leseni hiyo ilitokana na kazi ya Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 nia ya kuandika mfumo ulio huru. Tofauti ya bei ilitazamiwa kuwa kubwa machoni pa maskini. Lakini mahali ambapo Windows hupatikana kwa bei ya kisahani kitupu, maskini haoni tofauti yoyote: hulinganisha bure na bure, akachukua ile ambayo jirani anaijua. Hakuhisi kwamba bure moja ilikuwa zawadi na nyingine ilikuwa kitu cha watu kilichochukuliwa bila ruhusa. Nguo ya kuazima, wahenga walisema, haistiri matako. Na mashine yenye nakala isiyo halali aghalabu hukosa marekebisho ya usalama, ikawa mlango wazi kwa kila kirusi kinachosafiri ndani ya flashi. Hapa basi ndipo wajibu unapoanza kuonekana. Mapendeleo ambayo gharama yake imefichwa hayawezi kuitwa chaguo, kwa sababu mchaguzi hakuonyeshwa alichokuwa akikichagua.

Jambo la pili ni lugha. Mtendaji wa kata hufanya kazi yake kwa Kiswahili: mihtasari ya vikao, barua, matangazo, maneno ya usuluhishi baina ya majirani. Lakini kioo cha kompyuta yake kinamsemesha Kiingereza. Si kwamba hapakuwa na juhudi. Mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi zinazomsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa tafsiri za Kiswahili za Windows na Office katika muongo huohuo. Hata hivyo wapo wasomi wa Kiswahili ambao, wakionyeshwa kioo chenye lugha yao, hucheka kidogo, kisha hukirudisha kwenye Kiingereza.

Cheko hilo si la kudharauliwa, wala si la kutukanwa kwa jina la kasumba ya kikoloni na kuachwa hapo. Lina sababu. Mtu aliyejifunza kompyuta kwa Kiingereza mara nyingi hakujifunza maneno, amejifunza mahali. Anajua kwamba kitufe cha tatu kutoka juu huhifadhi waraka, kama mtu ajuavyo njia ya kisimani usiku bila ya kutazama. Ukiandika juu ya kitufe hicho neno "hifadhi", neno ambalo amelisema tangu utotoni, linamshitua kama mtu wa nyumbani aliyekutwa ugenini. Tafsiri iliyokuja baada ya mazoea huonekana mgeni, hata ikiwa ndiyo mwenyeji. Lakini mwanafunzi anayeigusa kompyuta kwa mara ya kwanza hana mazoea yoyote ya kuyalinda. Kwake yeye, neno "hifadhi" lina nuru, na neno la kigeni ni kufuli. Mwalimu anayemfungulia kioo cha Kiingereza kwa sababu yeye mwenyewe amekizoea, anamlipisha mwanafunzi gharama ya mazoea ya mwalimu.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Mtu ni watu. Kompyuta ikiharibika kijijini saa tisa alasiri, bora wa mifumo ni ule ambao fundi aliye karibu anaujua. Faida gani ya mfumo usio na bei iwapo hapana wa kuutengeneza? Anayefuata wenzake katika jambo hili hakosi akili; anajiwekea akiba ya msaada. Hata jina la Ubuntu, aina ya Linux iliyotolewa mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, linatokana na neno lenye shina moja na "utu" wa Kiswahili. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, visahani vyake vilipelekwa kwa posta bure kwa yeyote aliyeviagiza duniani. Ukarimu huo ulikuwa wa kweli, lakini bahasha ya posta haiwezi kukaa na mtu jioni ikamwelekeza. Utu unahitaji pia jirani anayejua.

Hoja hiyo, pamoja na uzito wake, inamtaka mwenye chuo afanye jambo moja zaidi. Ikiwa mfumo mmoja unashinda kwa sababu mafundi wake ni wengi, basi mahali ambapo mafundi hufunzwa ndipo idadi hiyo huamuliwa. Chuo hakiwezi kusema kwamba kinafundisha mfumo mmoja kwa sababu watu wanajua huo mmoja, ilhali watu wanajua huo mmoja kwa sababu ndio unaofundishwa. Wala mfumo mwingine si jini la kuogopwa: Android, iliyomo ndani ya simu nyingi za mkononi nchini Tanzania, imejengwa juu ya kiini cha Linux. Aliyeapa kwamba hataigusa Linux huenda ameishika mkononi anapoapa.

Na saa ya kulipa imekwisha kufika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyoifuata, inadai vifaa vipya ndani ya mashine, kiasi kwamba kompyuta nyingi zilizo nzima hazikidhi masharti yake. Halmashauri yenye mashine za namna hiyo ina njia kadhaa: kununua mpya, kulipia msaada wa nyongeza mahali unapopatikana, kuendelea bila ya ulinzi, au kuweka mfumo mwingine juu ya mashine zilezile. Njia hiyo ya mwisho si nyepesi kwa kila ofisi, kwani zipo programu za kazi zilizoandikwa kwa Windows peke yake. Lakini kazi nyingi za siku hizi hufanyika kwa kivinjari cha intaneti, ambacho hakijali sana nyumba kilimolala. Kila njia ina hesabu yake. Kinachotisha ni ofisa ambaye hataifanya hesabu, kwa kuwa katika maisha yake ameona nyumba moja tu, naye atatia saini ununuzi akidhani amefanya uamuzi. Fedha hizo zingeweza kuwa madawati, au dawa za zahanati.

Kwa hiyo kipendacho roho kina mpaka wake. Mtu akila nyama mbichi nyumbani kwake, tumbo litakalouma ni lake. Anayewapikia wengine haruhusiwi kuitegemea methali hiyo. Mwalimu, mnunuzi wa serikali na mfasiri, wote watatu huwachagulia watu wasiokuwapo, na wajibu wao ni kujua zaidi ya kile walichokikuta.

Hili halidai kwamba Windows iondolewe Hombolo. Linadai jambo dogo: chumbani mwa kompyuta pawe na nyumba mbili, na kioo kimoja angalau kiseme Kiswahili. Mwanafunzi aandike bajeti ya kijiji kimoja mara mbili, kwenye mfumo huu na kwenye ule, ahesabu muda, ahesabu bei, ahesabu mara alizokwama na nani aliyemsaidia. Kisha achague. Akirudi kwenye Windows, atakuwa amerudi kwa miguu yake mwenyewe, na siku atakapoulizwa na wananchi kwa nini, atakuwa na la kuwajibu.