Mgeni wa Siku Moja

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutajwa kwa kumkebehi mgeni mvivu, anayekula na kulala asione haya. Mimi naiona ina maana nyingine iliyolala chini ya hiyo. Methali inachukulia kwamba mgeni atakaa. Inampa siku mbili za kukirimiwa, kisha inampeleka shambani. Na huko shambani, mgongo ukimuuma sawasawa na unavyomuuma mwenyeji wake, ndiko atakakoanza kumjua. Wahenga hawakutuachia neno juu ya mgeni anayefika saa nne asubuhi na kuondoka saa nne na nusu, hali gari lake linamngoja barabarani likinguruma.

Mgeni huyo ndiye aliyeenea duniani leo, na suala ninalotaka kulitia mizanini ni hili: ana haki gani ya kuyasimulia aliyoyaona? Sikulipata suala hili vitabuni. Nililipata kwa kuaibika mbele ya watu.

Sisi wa visiwani tunamfahamu mgeni wa siku moja kwa upande wa mwenyeji. Tunamwona akipitishwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe, akipelekwa mashamba kunusishwa karafuu na mdalasini, akirudishwa hotelini kabla ya magharibi. Tunamcheka kidogo, na ndani ya nyoyo tunamwonea uchungu, kwa kuwa atarudi kwao aseme kwamba Zanzibar anaijua, na huko kwao atasadikiwa. Sikudhani kwamba iko siku nitakuwa yeye.

Mwezi wa Oktoba, 2018, nilikwenda Mtwara kwa kazi ya kufasiri. Kazi ilipokwisha ilibaki siku moja kabla ya kurudi, na wenyeji wetu wakatukodia basi dogo. Tulikuwa watu kama ishirini, pamoja na kijana wa kutuongoza. Asubuhi twende Mikindani, kabla ya adhuhuri tuwe Msimbati kwenye Ghuba ya Mnazi, alasiri turudi mjini kuangalia vinyago vya Wamakonde. "Mtaiona Mtwara yote," alituambia aliyeipanga safari, na hakuna kati yetu aliyetabasamu.

Kijana wetu alikuwa hodari. Pale Mikindani alituonesha Boma, ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895 na ambalo baada ya miaka mia moja na zaidi lilikarabatiwa na kufanywa hoteli. Akatusimulia kwamba Livingstone alitua katika bandari ile mwaka 1866, alipoianza safari yake ya mwisho, ambayo hakurudi kwao akiwa hai. Akaitaja biashara ya watumwa kwa sentensi mbili, akanyamaza kidogo kama inavyopasa, kisha akatazama saa yake. Tukapanda garini.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa jicho la mtu wa kazi moja na yangu. Mwongoza wageni ni mfasiri. Mbele yake ana matini ndefu, mji wenye karne kadhaa mgongoni. Ana wasikilizaji wasioijua lugha ya kuta zile. Na ana nusu saa. Hana budi kukata. Nami katika kazi zangu nimekata mengi: mzaha usiovuka mpaka wa lugha, jina la mti usioota kwetu, mizani iliyokataa kukaa. Kukata si dhambi. Dhambi ni kumwacha msomaji aamini kwamba hakuna kilichokatwa.

Katika njia ya Msimbati tulipita Madimba, penye mitambo ya kusafishia gesi. Kijana alitufafanulia vizuri. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982 na AGIP, kampuni ya Kitaliani; ikakaa chini ya ardhi zaidi ya miaka ishirini pasina kutumiwa; baadaye ikaanza kuzalisha umeme wa huko huko kusini; na mwaka 2015 likakamilika bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Hakuutaja mwaka 2013, pale watu wa Mtwara walipotoka barabarani kulipinga bomba hilo, wakitaka gesi iwafae kwanza wale wanaoishi juu yake, na roho za watu zikapotea. Tuliposhuka nilibaki naye nyuma ya wenzangu, nikamuuliza mbona hilo ameliruka.

"Mzee wangu," alinijibu kwa upole, "mimi nina siku moja na vituo vitano. Hayo ni maneno ya mtu atakayelala."

Maneno ya mtu atakayelala. Hakuwa amekusudia kunifundisha kitu, lakini ile methali ya jembe ilikuwa imo yote katika jibu lake. Yako mambo ambayo mji humwambia mgeni anayepita, na yako ambayo humwekea anayelala. Mji haudanganyi kwa kufanya hivyo. Hata nyumbani kwako, mtu aliyebisha hodi kuuliza njia humtolei ugomvi wa mirathi.

Msimbati tulipewa dakika ishirini. Ilikuwa siku za bamvua na maji yalikuwa yametoka mbali sana. Mchanga ulikuwa mweupe, minazi imeinama, ngalawa zimelala ubavu. Kijana alitueleza kwamba tangu mwaka 2000 eneo lile ni hifadhi ya bahari, linaanzia huko ghubani na kuchukua mlango wa mto Ruvuma pamoja na mikoko yake. Akanyoosha kidole kusini: "Kule ni Msumbiji." Hakuongeza neno. Mwaka mmoja tu nyuma yake vita vilikuwa vimeanza Cabo Delgado, na watu wa kingo mbili za mto ule ni ndugu wa damu. Hayo nayo, bila shaka, yalikuwa ya atakayelala.

Mbali, juu ya miamba iliyoachwa na maji, walionekana wanawake wameinama, fimbo mikononi, wakitafuta pweza. Mmoja wao alikuwa karibu zaidi na ufukwe. Alisimama wima, akainua mkono, akaupunga kwa muda mrefu. Tulifurahi sana. Sote tulimpungia, na wengine walimpiga picha. Kisha honi ikalia.

Garini niliandika shairi, beti saba. Nilimfanya mwanamke yule binti wa bahari, mwenye uso mkunjufu, anayewaaga wageni asiowajua kwa ukarimu wa pwani yetu. Mwaka uliofuata nililisoma hapa Unguja katika baraza moja ya washairi, na nisifiche, lilipigiwa makofi. Makofi yalipotulia alisimama binti mmoja, mwalimu, aliyekuwa masomoni huku kwetu.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Beti zako zimenikumbusha nyumbani, mimi ni mtu wa Msimbati. Lakini yule mama hakuwa akikupungieni nyinyi. Maji yalikuwa yanaanza kurudi. Aliye karibu na pwani ndiye anayetazama mkondo, na akiona unajaa huinua mkono kuwaita wenziwe walio mbali, wasije wakakatiwa njia. Na mara nyingi yeye ndiye anayerudi na kikapu chepesi, kwa sababu ya kutazama."

Aliomba radhi kwa kunisahihisha, akakaa. Nami papo hapo nikakumbuka jambo ambalo macho yangu yaliliona na kalamu ikalipuuza. Mwanamke yule alikuwa ametupa kisogo. Uso wake hatukuuona hata mara moja. Uso uliomo katika shairi nilimpa mimi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kosa langu lilikuwa nini hasa. Wapo watakaosema kosa ni uchache wa muda, na dawa yake ni kukaa. Watatoa mfano wa Italia. Goethe alikwenda huko mwaka 1786, akakaa takriban miaka miwili akijifunza. Leo watu hupandishwa basi asubuhi mjini Florence, wakaoneshwa Siena, San Gimignano na mnara wa Pisa, na jua likizama wako kitandani kwao. Yupi kati yao aliyeiona Italia? Jibu laonekana jepesi. Lakini tukumbuke kwamba Goethe aliendelea kupokea mshahara kutoka kwa mtawala wake muda wote aliokuwa safarini. Safari ya siku moja, kwa upande wake, ilianza kwa watu wasiokuwa na mtawala wa kuwalipia. Tarehe 5 Julai, 1841, Thomas Cook alipakia watu wapatao mia tano katika treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kwa shilingi moja kila mmoja. Siku moja ndiyo waliyokuwa nayo. Mwenye kuidharau siku hiyo awe mwangalifu, asije akawa anaudharau umasikini wa muda, ambao wengi wetu tunao.

Wala kukaa peke yake si dawa. Mtwara yenyewe ni shahidi. Bandari yake na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947. Waliouendesha hawakuwa wageni wa siku moja. Walikaa miaka, walikuwa na ramani, na matrekta, na mamilioni ya pauni. Hata hivyo udongo na mvua, vitu ambavyo mkulima yeyote wa huko angewasomea, viliwashinda, na mwaka 1951 mradi ukafa. Reli nayo iling'olewa baadaye. Mtu aweza kukaa miaka minne asipewe jembe, kwa kuwa amekuja na lake.

Basi nikamgeukia mgeni mwingine, ambaye pwani yetu inamdai na yeye anaidai. Ibn Battuta alipita huku mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Kilwa alikaa zaidi kidogo, akausifu mji kwa uzuri wake, akasema kwamba majumba yake ni ya miti. Nao wachimbuaji wa mambo ya kale wameukuta msikiti mkuu na majumba ya mawe yaliyokuwapo zama zake. Yawezekana kumbukumbu ilimponyoka, maana aliyasimulia hayo baada ya zaidi ya miaka ishirini. Pamoja na hayo, karibu miaka mia saba sasa tunamrejea, na kama asingesimulia kwa kuogopa uchache wa siku zake, tungekuwa masikini zaidi. Lakini yako aliyoyafanya ambayo mimi sikuyafanya. Alitwambia kwamba Mombasa ulikuwa usiku mmoja. Aliuacha ushahidi pamoja na kipimo chake, nasi tukaweza kuupima.

Hapo, kwa rai yangu, ndipo haki ya mgeni wa siku moja ilipo, na ndipo inapokoma. Shahidi mbele ya kadhi haulizwi tu aliona nini. Huulizwa alisimama wapi, umbali gani, kwa muda gani. Akijibu hayo kwa ukweli, hata ushahidi mdogo hupokewa kwa udogo wake. Akiyaficha, hata aliyoyaona kweli huharibika. Mimi nilisimama mbali, kwa dakika ishirini, nikaandika kama niliyezaliwa pale.

Na liko kosa zito zaidi ya hilo, nalo halitokani na saa. Mkono uliinuliwa nikaamini umeinuliwa kwa ajili yangu. Mgeni anapoishi siku nzima akifunguliwa milango, akingojewa na gari, akitajiwa majina ya vitu, huanza kudhani kwamba hata bahari hujaa na kutoka kwa ratiba yake. Mwanamke yule alikuwa na watu wa kuwaokoa na maji. Katika pwani yake, asubuhi ile, sisi hatukuwapo. Nadhani adabu ya kwanza ya mgeni, akae siku moja au akae miaka, ni kukubali kwamba mambo mengi anayoyaona hayamhusu, na kwamba kutomhusu hakuyapunguzii thamani.

Shairi nimeliandika upya. Nimeufuta uso na kuacha kisogo. Mkono upo, na kikapu chepesi kipo, na juu yake nimeandika: Dakika Ishirini, Msimbati. Wenzangu wa barazani wanasema lile la kwanza lilikuwa na utamu zaidi, na sina la kuwapinga. Lakini hili la pili naweza kulisoma naye binti yule akiwa ameketi mstari wa mbele.