Jukwaa ni la Nani? Uenyeji, Umiliki na Wajibu katika Teknolojia ya Mawasiliano

Neno jukwaa limebebeshwa mzigo mpya katika Kiswahili cha miaka ya hivi karibuni. Kwa muda mrefu wahakiki wa tamthilia walilitumia kwa maana ya mahali palipoinuliwa ili mwigizaji aonekane na hadhira ione. Leo neno lilo hilo hutumiwa kwa mifumo ya tarakilishi ambamo watu hukutana, huuziana, hutumiana fedha, hutukanana na hata kutungiana mashairi: Facebook, WhatsApp, YouTube, TikTok na mingineyo, ambayo kwa sehemu kubwa ni mali ya kampuni za Marekani na China. Upanuzi huu wa maana una mantiki yake. Aliyejenga jukwaa ndiye anayeamua kimo chake, mahali taa zinapomulika, na nani apande au ateremshwe. Ndiyo maana kilio cha kujenga majukwaa ya nyumbani yatakayosimama badala ya hayo ya kigeni husikika kama kilio cha haki. Hata hivyo, kilio hicho huficha maswali mawili. La kwanza ni iwapo jamii ina wajibu wa kimaadili wa kujijengea jukwaa lake. La pili ni lini jukwaa laweza kusemwa kwa haki kuwa ni la jamii hiyo. Makala haya yanashikilia kwamba la kwanza halijibiki kabla ya la pili, na kwamba hili la pili limekuwa likijibiwa kwa wepesi mno.

Jibu jepesi kuliko yote ni lile la lugha: kinachosema Kiswahili ni chetu. Mnamo Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kuheshimika, kwani istilahi nyingi zililazimika kuundwa au kuteuliwa upya. Haukupita muda mrefu kabla ya Microsoft nayo kutoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Kwa mtumiaji aliyeketi mbele ya kioo, zote mbili zilisema Kiswahili. Tofauti haikuwa usoni. Ile ya kwanza ilimruhusu mwalimu aliyeona kasoro, kama alikuwa na ujuzi, kuingia ndani ya programu yenyewe na kuirekebisha, kisha kumgawia mwenzake nakala bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Ya pili ilimruhusu kusoma menyu. Mhakiki aliyefunzwa kutochanganya fani na maudhui hapaswi kudanganywa na Kiswahili cha kwenye kioo.

Jibu jingine ni lile la mahali pa kuzaliwa, na hapa mfano unaotajwa bila kukosa ni M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya Machi 2007 na ambayo imekuwa fahari ya taifa. Historia yake haikubali fahari hiyo moja kwa moja. Wazo lilikuzwa ndani ya kampuni ya Vodafone ya Uingereza na watumishi wake Nick Hughes na Susie Lonie, likisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza. Majaribio ya mwaka 2005 yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kulipa mikopo yao kwa simu. Wakopaji wakaitumia kwa jambo ambalo halikukusudiwa: walitumiana fedha wao kwa wao. Huduma iliyozinduliwa baadaye ilijengwa juu ya matumizi hayo ya watu wa kawaida, ya mtu wa mjini kumpelekea mzazi wake wa kijijini fedha za matumizi. Lakini mitambo iliyohifadhi kumbukumbu za miamala hiyo ilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015, na haki za jina na za uendelezaji wa huduma zilibaki kwa Vodafone hadi mwaka 2020, ziliponunuliwa kwa pamoja na Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini. Kwa muda wa miaka 13, basi, Wakenya walijivunia kitu ambacho kwa hati hakikuwa chao. Sehemu kubwa ya ubunifu ilitoka kwa umma. Hati ikawa ya kampuni. Na ilipohamishwa mwaka 2020, ilihama kutoka kampuni hadi kampuni. Wale waliokuwa wameonyesha kwa vitendo huduma hiyo ingefaa kwa nini hawakuwa upande wowote katika mauziano hayo.

Fasihi ya Kiswahili ina kielelezo cha zamani zaidi cha tatizo hili, na ni ajabu kwamba wanaojadili teknolojia hawakitumii. Maandishi nayo ni teknolojia. Hati za Kiarabu zilifika pwani kwa njia ya bahari, pamoja na dini na biashara. Hazikuzaliwa Pate wala Lamu. Hata hivyo ndizo zilizohifadhi Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728, na tungo nyingi zilizofuata. Hati hizo hazikuwa na herufi za sauti kama p, ch na v, wala njia ya wazi ya kutenganisha i na e, au u na o. Waandishi wa pwani walizikabili kasoro hizo kizazi baada ya kizazi, na katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye juhudi zake zilisaidia kuzinusuru tungo za Muyaka, alibuni alama za kuzikidhi sauti za Kiswahili. Hakuna aliyeomba ruhusa Makka wala Maskati. Kifaa kilikuwa cha kigeni kwa asili yake, lakini mkono uliokitumia ulikuwa na uwezo wa kukigeuza.

Linganisha hali hiyo na yaliyofuata. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikisanifisha Kiswahili kwa misingi ya Kiunguja na kwa hati za Kirumi. Malighafi yake ilikuwa ya nyumbani kabisa: lugha ya watu wenyewe. Lakini kamati hiyo ilipoanza haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja, na vitabu vya shule vilipaswa kupata kibali chake. Mshairi wa Mombasa aliyetunga kwa Kimvita, kama walivyotunga mabingwa waliomtangulia, alijikuta anasemwa kuwa anaandika lahaja inayohitaji kusahihishwa. Usanifishaji ulileta manufaa ambayo hayakanushiki, na makala haya yenyewe ni tunda lake. Lakini kwa swali linaloshughulikiwa hapa matokeo yake ni bayana: hati za kigeni zilizogeuzika mikononi mwa wenyeji zilikuwa zao kuliko lugha yao wenyewe iliyotungiwa kanuni katika baraza wasilokuwa na kiti.

Kutokana na hayo yaweza kudaiwa kwamba uenyeji wa jukwaa haupimwi kwa asili ya mjenzi wala kwa lugha ya usoni. Hupimwa kwa mambo mawili: nani anaweza kubadili kanuni zake, na nani anaweza kuitwa mbele ya watu wanaolitumia akatakiwa ajibu. Ile methali isemayo mwacha asili ni mtumwa hutajwa sana katika mijadala hii. Ukweli wake haukataliwi, ila haisemi asili ni kitu gani, na aghalabu anayeitaja huwa ana bidhaa ya kuuza.

Kipimo hiki hakiishii kwa wageni tu. Kinawahukumu wenyeji pia. Mfano mzito zaidi ni wa jukwaa kwa maana yake ya kwanza. Kenya National Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1952 chini ya ukoloni, iliendelea kutawaliwa na maonyesho ya kigeni hata baada ya uhuru. Mnamo mwaka 1976 tamthilia mbili zilizoteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC huko Lagos, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zililazimika kupigania siku chache za kuonyeshwa katika jumba lililobeba jina la taifa. Mwaka uliofuata wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijijengea jukwaa lao la wazi la kuketisha watu wapatao 2000. Ramani yake iliundwa kwanza na vijana kwa njiti za kiberiti. Mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, yalifanywa hadharani, na wapita njia, wakulima na wafanyakazi wa viwandani, waliwasahihisha waandishi. Wazee walieleza kwamba mzee hasemi hivyo. Profesa wa chuo kikuu akafuta na kuandika upya. Hapo palikuwa na masharti yote mawili: kanuni zilibadilika kwa neno la watumiaji, na mjenzi alijibu alipoulizwa.

Tamthilia ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Kibali kiliondolewa Novemba, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini Desemba, na mwaka 1982 polisi walilibomoa jukwaa lenyewe. Waliolibomoa walikuwa Wakenya. Yeyote anayependekeza kwamba majukwaa ya kigeni yaondolewe ili mahali pake pawe na majukwaa yaliyo chini ya serikali au matajiri wa nyumbani anapaswa kulipitia tukio hili kwanza. Kubadilisha bwana si kukomboa.

Ndiyo maana hali ya Juni 2024 nchini Kenya haielezeki kwa urahisi kwa msamiati wa ukoloni mamboleo peke yake. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliufafanua na kuutafsiri kwa lugha mbalimbali za Kenya kupitia TikTok na X, majukwaa ya watu wa mbali wasioujua mswada huo wala kuujali. Kuwaambia vijana hao kwamba wajibu wao ulikuwa kungoja jukwaa la nyumbani kungekuwa dhihaka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingine ndivyo inavyokuwa. Lakini hifadhi ya aina hiyo hudumu kwa hiari ya mwenye nyumba. Google ilipoifunga Google+ mwezi Aprili 2019, machapisho ya watumiaji wake yalifutwa. Aliyekuwa na tungo zake humo na hakuzinakili alizipoteza, na hapakuwa na baraza la kukata rufaa.

Aidha, isidhaniwe kwamba jukwaa la kigeni limejengwa kwa mikono ya kigeni tu. Tangu mwaka 2019 hadi mwanzoni mwa 2023 vijana walioajiriwa Nairobi na kampuni ya Sama walichuja machapisho ya Facebook katika Kiswahili, Kisomali, Kiamhari na lugha nyinginezo, wakitazama picha za mauaji ili wengine wasizione. Wengi wao walipofungua mashtaka mwaka 2023, hoja ya Meta ilikuwa kwamba yenyewe si mkazi wa Kenya na kwa hiyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Mahakama ya Rufani iliikataa hoja hiyo Septemba 2024. Umuhimu wa uamuzi huo kwa mjadala huu hauko katika fidia. Kampuni iliyokuwa tayari kuajiri kwa mkono wa mwingine iliambiwa kwamba inaweza kuitwa, na ikiitwa ijibu. Kwa kipimo kilichopendekezwa hapo juu, hukumu ile iliisogeza Facebook hatua moja kuelekea kuwa jukwaa la wale wanaolitumia na kulihudumia, jambo ambalo programu nyingi za kizalendo hazijalifikia.

Wajibu basi ni wa nani? Hauwezi kuwa wa mtumiaji kwanza. Mama anayetumia WhatsApp kwa sababu wanawe wote wako huko hajausaliti utamaduni wake. Thamani ya jukwaa la aina hiyo ni watu waliomo, na hakuna anayehamia peke yake. Ile methali ya nguo ya kuazima hutupwa kwa aliyeivaa, ilhali wenye vitambaa na vyerehani hawasemwi. Wenye vyerehani ni vyuo vikuu, serikali na wachapishaji. Na kujenga si lazima kuanze kwenye kiwanja kitupu. Riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ, ambayo Ngũgĩ aliiandika kizuizini kwa lugha yake ya kwanza, ilichapishwa mwaka 1980 na tawi la Nairobi la Heinemann, kampuni ya London. Kejeli hiyo haikuupunguzia maandishi uzito. Lakini Henry Chakava na wenzake hawakuridhika nayo. Mnamo mwaka 1992 tawi hilo lilinunuliwa likawa East African Educational Publishers, na uamuzi wa nini kichapishwe ukafanyika Nairobi.

Linabaki tatizo ambalo kipimo hiki hakilitatui. Ushahidi, mfumo uliobuniwa na Wakenya Januari 2008 kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi, uliachwa huria, na kwa sababu hiyo uliweza kutumika Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Uwazi ulikuwa fadhila. Sauti za Kiswahili zinazokusanywa kwa kujitolea katika mradi wa Common Voice wa Mozilla nazo hutolewa bila masharti yoyote, ili mwanafunzi wa Kisumu au Dodoma aweze kuunda mtambo unaoelewa lugha yake. Kwa ruhusa iyo hiyo, kampuni tajiri kuliko zote duniani inaweza kuzichukua sauti hizo, ikaufunza mtambo wake, na kumuuzia huduma aliyezitoa. Zikifungwa, mwanafunzi anakosa. Zikiachwa wazi, mwenye mitambo mikubwa ndiye anayevuna zaidi. Watafiti wa fasihi simulizi wamo katika tatizo hili kuliko wanavyodhani, kwa maana kanda zao za ngano, nyimbo na vitendawili ni malighafi iyo hiyo. Fomu ya ridhaa ambayo fanani hupewa atie sahihi au kidole gumba kwa kawaida humuuliza kama anakubali kurekodiwa na kuchapishwa. Ni nadra imuulize kama anakubali sauti yake ifunze mashine, na ya nani.