Kioo, Nuru na Ushahidi wa Picha

Picha ya rangi husadikiwa upesi kuliko maneno ya mtu, kwa sababu watu hudhani kamera haina fikira wala upendeleo. Dhana hii haistahimili jua la Dar es Salaam. Lenzi ya jicho la mtu mzima huzuia karibu miali yote ya urujuanimno isifike ndani. Filamu haina stara hiyo. Tabaka lake la juu, lililofanywa lipokee buluu, huipokea miali hiyo nayo na kuiandika kuwa buluu. Kioo cha lenzi ya kamera huzuia sehemu yake, na sehemu nyingine hupenya.

Kariakoo, mahali palipopata jina kwa kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, jambo hili hudhihirika barazani. Muuzaji aliyeketi kivulini haangazwi na jua bali na anga tupu, na filamu humtoa amefunikwa na ubuluu ambao mnunuzi aliyesimama mbele yake hakuuona. Kanzu yake ikiwa imefuliwa kwa sabuni yenye dawa ya kung'arisha, dawa hiyo hunywa urujuanimno na kutoa nuru ya buluu. Weupe uliokuwa fahari yake hutoka kama nguo iliyozidishiwa bluu ya dobi.

Wapo waliokaza kichujio chenye wekundu hafifu mbele ya lenzi. Je, waliongopa? Mkali wa hoja atasema kuwa miali ile ilikuwapo kweli, na kuifuta ni kughushi ushahidi. Hoja hii ni dhaifu. Picha ya uso hufanywa kwa ajili ya macho ya watu, na mwali usioonekana na mtu yeyote si sehemu ya sura ya muuzaji.

Lakini macho ya watu gani? Tangu miaka ya 1950 maabara za Marekani zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa Shirley, na nyuso nyeusi zikapotea gizani. Lorna Roth, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ameeleza kuwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani yalichangia kuifanya Kodak irekebishe filamu zake. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya mtu! Kichujio cha mpiga picha wa Kariakoo kiliweza kuondoa ubuluu wa anga. Kiza cha uso hakikuweza kukiondoa, kwa kuwa hicho hakikuingia kwa njia ya lenzi.