Kabla ya Kutia Saini Amani

Mwamba wa Wanale umeinuka juu ya mji wa Mbale na maporomoko yake ya maji, na huko juu watu wanalima kahawa na migomba kwenye vipande vyembamba vya ardhi. Ugomvi wa mpaka hauchelewi kuwaka: mche ukihamishwa usiku, asubuhi mapanga yako mkononi. Kesi ya kupigana ikifika mahakamani, hakimu huenda akauliza kama hamwezi kupatana.

Hilo si hisani yake. Ibara ya 126 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inazitaka mahakama zihimize upatanisho, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu inaruhusu kesi ndogo ya shambulio isimamishwe watu wakielewana. Mahakama inaweza pia kumtaka mtu aahidi kulinda amani kwa muda fulani, tena kwa dhamana ya fedha.

Sasa mtu anayejua kwamba hakumgusa jirani yake asaini nini? Ibara ya 28 inamhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Ahadi hiyo haimtii hatiani, lakini haimsafishi pia. Kijijini watauliza: kama hakupiga, mbona kasaini? Nauli za kwenda na kurudi zimemmaliza, kahawa imeivia mtini haina mchumaji, na kalamu iko mbele yake. Uchovu huo naona ndio mshauri mbaya kuliko wote.

Hata hivyo, kutompiga jirani ni deni tunalodaiwa hata bila mahakama. Kuliahidi si aibu. Kinachouma ni ahadi ya upande mmoja, maana hiyo tayari imeshasimulia nani mkorofi. Wala ahadi peke yake haitoshi bila mpaka. Huko Kilimanjaro, Wachagga hupanda mimea ya masale mpakani, na jani la sale hilohilo ndilo anayeomba radhi humpelekea aliyemkosea. Mpaka na msamaha vinakaa pamoja, na ndivyo inavyopasa: amani iliyoandikwa mjini huku mpaka haujapimwa mbele ya wazee itavunjika mvua za kwanza, watu wakirudi kulima.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiletewa karatasi hiyo usomewe kwa lugha unayoielewa. Ikisema umekiri usilolitenda, ikatae, hata kama kesi itakuchosha. Kama ni ahadi tupu ya amani, omba jirani yako naye asaini, na mpaka ukapimwe, kisha tia saini yako.